Kunawiri kwa Mti na kwa Mtu: Mtazamo kutoka Sori

Katika Kiswahili mti hunawiri, na mtu vilevile hunawiri. Makala haya yanauhoji ulinganifu huo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, wanawake wakiwapita wanaume kwa mbali.

Tafiti kadhaa za Ulaya na Marekani huhusisha ukaribu wa bustani za umma na kutembea zaidi, ingawa kuhusu uzani wenyewe matokeo hayaafikiani. Bustani hizo ni za mapumziko. Nairobi inazo, mwaka 1989 Wangari Maathai aliitetea Uhuru Park dhidi ya jengo la orofa 60. Lakini Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, kijani ni shamba, na ufuo ni mahali pa kazi. Mwili huchoshwa na jembe na nyavu, haupelekwi matembezini. (Anayekimbia bila kufukuzwa huulizwa kulikoni!) Kwa maoni yangu, hatari huanza mtu anapoliacha jembe, akashinda dukani na kurudi kwa bodaboda, bila mahali pengine pa kuutumia mwili.

Kisha kuna lugha. Kandokando ya ziwa, UKIMWI ulipoua wengi katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda kuliogopwa, na kuambiwa "umenawiri" kukawa faraja. Kwa hiyo mhudumu wa afya akisema "punguza uzani", msikilizaji huenda akasikia "konda".