Somo la 6: Mtoto wa Mama Aliye Bado Mtoto

Wapendwa, katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa, toka Swima hata Baraka, msichana akizaa angali na miaka 15 au 16, watu huuliza habari za aibu. Ni nani anayeuliza habari za mtoto? Basi leo tujifunze habari zake.

1. Mtoto mchanga hujifunza nini?
Hujifunza watu. Akilia na mama akaja, anajua kwamba watu ni wa kutumainiwa. Akisemeshwa na kuchekewa, anajifunza kusema na kucheka na wengine. Halafu hucheza na wenzake, akajifunza kungoja zamu na kugawana.

2. Ni nini kinachomzuia?
Si umri wa mama peke yake. Msichana aliyefukuzwa nyumbani, aliyeacha masomo, anayechekwa anapoteka maji, moyo wake huzimia. Hunyamaza, na mtoto wake hukosa maneno. Tena wasichana hawa, kuliko wanawake waliokomaa, huzaa mara nyingi zaidi kabla ya wakati, au huzaa watoto wadogo sana. Mtoto dhaifu ana haja kubwa ya kushikwa, naye wa kumshika amechoka.

3. Tufanye nini?
(a) Ninyi nyanya, mpeni msichana chakula cha kutosha, sombe na ndagala. Mshikieni mtoto ili mama alale. Lakini msimnyang'anye, mfundisheni. Amnyonyeshe maziwa yake tu miezi 6, halafu aongeze chakula, akiendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi.
(b) Semeni na mtoto kila siku, mkimwogesha na mkimlisha.
(c) Msimwite jina la aibu. Watoto wenzake hulisikia kwenu, nao humfukuza mchezoni. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba kila mtu hujibu kwa kosa lake mwenyewe.
(d) Msimwoze msichana ili kuficha jambo. Sheria ya Kongo ya 2009 inakataza ndoa ya mtoto aliye chini ya miaka 18.
(e) Arudi shuleni. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, serikali iliwafungulia mlango wasichana waliozaa katika mwaka 2021. Mama anayesoma ana maneno mengi ya kumpa mtoto wake.

Maulizo
1. Mtoto hujifunza kutumaini watu kwa njia gani?
2. Kwa nini jina baya humwumiza mtoto mchezoni?
3. Katika kanisa lako, ni nani anayemshika mtoto wa namna hii Siku ya Bwana?