Baka Lisilowasha: Ukoma Unatibika, Usingoje Ganzi

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Wapo wanaolalamika kwamba wahudumu wa afya ya jamii wanapita boma kwa boma wakitaka kuona migongo ya watu. Wapo wanaosema dawa ya bure si dawa. Tumewasikia. Wahudumu wataendelea kuja, kwa sababu mgonjwa wa ukoma hajileti mapema: hana maumivu ya kumsukuma.

Hatari yenyewe ni hiyo. Choa huwasha, jipu huuma, na mwenyewe hukimbilia dawa. Baka la ukoma haliwashi wala haliumi. Limepauka au limeiva wekundu kuliko ngozi ya pembeni, mara nyingi halitoki jasho na vinyweleo vyake vimepukutika. Mtu hulifunika kwa shuka mwaka baada ya mwaka, na chini yake mishipa ya fahamu inakufa.

Kulipima ni rahisi. Mhudumu husokota pamba mpaka ncha yake iwe nyembamba kama uzi. Kwanza anakugusa ukiwa unaona, ujue atakachofanya. Kisha unafumba macho na kuonyesha kwa kidole kila unapoguswa. Kwenye ngozi nzima kidole huenda moja kwa moja. Kwenye baka la ukoma, mara nyingi mkono hausogei. Hapo hakuna sindano wala damu.

Ukoma si laana, si urithi, na hakuna aliyekuroga. Unaletwa na vimelea alivyovigundua daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873. Huenea kwa njia ya hewa, watu wakiishi karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Kupeana mkono au kula sahani moja hakuambukizi. Dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kujitokeza.

Zamani wagonjwa walitengwa mbali na kwao, Alupe kule Busia au Tumbe huko Msambweni. Leo unatibiwa ukiwa nyumbani. Dawa ni mchanganyiko wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yako. Tangu 1995 hutolewa bure duniani kote, na hilo ni jambo la kujivunia. Akikuuzia mtu, usinunue, mripoti.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkojo ukigeuka mwekundu, usiache dawa. Ngozi ikiwa nyeusi, usiache dawa. Rangi yake itarudi polepole baada ya matibabu. Baka likivimba ghafla, kiwiko kikiuma, mkono ukilegea au jicho likikataa kufumba, usiache dawa, na usilale nyumbani siku ya pili. Nenda hospitali ya Hola au ya Ngao, au kituo cha afya cha Garsen. Dalili hizo ni za mwili unaopambana na vimelea, na ukipewa prednisoloni mapema mshipa huweza kuokolewa. Ukichelewa, kidole kilichopinda huenda kisinyooke tena.

Mfugaji anayehamia kwenye delta ya mto wakati wa kiangazi, au anayejua mafuriko yatakata barabara, aseme mapema apewe pakiti za ziada. Kila pakiti ni ya siku 28. Usiondoke bila dawa.

Walio na ganzi miguuni wana adui mwingine: mti wa mathenge. Mwiba wake hupenya ndara nyembamba, na asiyehisi hutembea nao kutwa. Kila jioni kagua nyayo, au mwombe mtoto akukagulie. Loweka miguu katika maji ya kawaida, paka mafuta ngozi ingali na unyevu, vaa viatu vyenye soli ngumu nje na laini ndani. Usishike sufuria ya moto bila kitambaa.

Watu wa nyumba moja na mgonjwa lazima wapimwe. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wasiokutwa na ugonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini ya kujikinga. Wajawazito, watoto wachanga, wenye dalili za kifua kikuu na wengineo wana masharti yao, mhudumu atawaeleza.

Aliyepona akabaki na ulemavu ana haki ya kujiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aanzie hospitalini, akafanyiwe tathmini, na aende na kitambulisho.