Kufundisha Mtazamo wa Msimulizi kwa Mfano wa Masimulizi ya Kuhama

Mwalimu wa fasihi akiuliza darasani, "Ni nani anayesimulia hadithi hii?", aghalabu hujibiwa, "Ni mwandishi." Hapana budi kosa hilo lisahihishwe mapema. Mwandishi ndiye atungaye. Msimulizi ni sauti aliyoichagua ili isimulie. Katika Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, anayesema "mimi" ni kijana Kazimoto, wala si Kezilahabi. Katika Rosa Mistika (1971), mwandishi huyo huyo alitumia nafsi ya tatu.

Hata hivyo, kutambua nafsi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni mtazamo: msimulizi amesimama wapi, anaweza kujua nini, na ni jambo gani lenye uzito kwake?

Kwa shule za Dodoma, mfano ufaao u karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya ukame na njaa, serikali iliendesha Operesheni Dodoma. Wagogo waliokuwa wakiishi katika kaya zilizotawanyika walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wako waliokwenda kwa hiari, wako waliolazimishwa.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni kisa hiki cha kubuni:

"Lori lilisimama mbele ya tembe. Bibi alikaa mlangoni, akakataa kuinuka. Dereva aliogopa kuchelewa. Mjukuu alifurahi, kwa kuwa hakuwa amepanda gari maishani mwake."

Wanafunzi waeleze msimulizi huyu anajua nini. Watagundua kwamba ameingia katika moyo wa dereva na wa mjukuu, bali bibi amemtazama kwa nje tu.

Hatua ya pili. Waandike kisa hicho upya, bibi akiwa ndiye msimulizi. Wengi watabadili viambishi peke yake: "Nilikaa mlangoni, nikakataa kuinuka. Dereva aliogopa kuchelewa." Hapa ndipo penye kiini cha somo. Bibi ameijuaje hofu ya dereva? Mwalimu asitoe jibu, bali aulize, "Bibi aliona nini?" Polepole watafika kwenye sentensi kama hii: "Dereva alitazama saa yake mara mbili, akapiga honi." Kisha aulize, "Bibi anajua nini ambacho msimulizi wa kwanza hakukisema?" Mwanafunzi mmoja aweza kuandika: "Mume wangu nimemzika hapa." Kwa sentensi hiyo moja, ukaidi ulioonekana kwa nje umepata sababu.

Hatua ya tatu. Kikundi kimoja kisimulie kama dereva, kingine kama mjukuu. Dereva asifanywe mtu mwovu, naye ametumwa. Mjukuu huenda akasema, "Bibi hakusema kitu njia nzima. Nilidhani ana usingizi." Mwalimu awaoneshe kwamba hapa msomaji anaelewa zaidi ya msimulizi mwenyewe, na kwamba jambo hilo ni mbinu, si upungufu.

Angalizo. Wanafunzi watauliza, "Basi ukweli ni upi?" Swali hilo lisipuuzwe. Lori lilikuja, tembe ilikuwapo, na bibi aliondoka. Hakuna msimulizi aliyepewa ruhusa ya kuyafuta hayo. Mtazamo huamua kinachoonekana na uzito wake, lakini hauligeuzi tukio. Mwanafunzi asiyejua tofauti hiyo atadhani kila simulizi ni sawa na jingine, au kwamba simulizi alilolisikia kwanza ndilo la pekee.

Zoezi la nyumbani. Kila mwanafunzi amwombe mzee mmoja, kwa ridhaa yake, amsimulie jinsi alivyohama au alivyowapokea waliohama. Aliandike simulizi hilo kwa nafsi ya kwanza, bila kuongeza neno ambalo mzee huyo asingeweza kulijua. Mwalimu asahihishe kwa swali moja tu: "Amejuaje?"

Waliokuwa watoto siku zile sasa ni wazee, na waliokuwa watu wazima wanazidi kupungua. Vitabu vya historia vitaendelea kueleza mpango, sababu na matokeo yake. Sauti ya aliyekaa mlangoni itasalia ikiwa tu yupo mwanafunzi aliyefundishwa kusikiliza kutoka mahali pale alipokaa.