Chapati zangu zasifiwa, lakini sina ninayemjua

*Nina miezi mitatu tangu nianze kupika chapati na ndengu za kuuza hapa Baba Dogo. Wanaokula husifu, lakini katika biashara hii simjui mtu. Nianzie wapi?*
*Mama Chapo, Baba Dogo*

Dada yangu, kupikia nyumbani hukufungia jikoni, na sifa zinabaki kwa majirani. Huhitaji kujuana na watu mia. Watano wa kuaminika watakubeba.

Anza na anayekuuzia unga. Mlipe siku uliyoahidi. Huyo ndiye atakayekukopesha mwezi ukiwa mgumu, na anawajua wapishi wengine. Mwombe akukutanishe nao. Mwenye oda ya harusi iliyomshinda hutafuta wa kumgawia, na mara nyingi humpa yule aliyewahi kumsalimia tu.

Kisha viwandani, maana mtaa wenu umejaa viwanda. Usikimbilie meneja. Nenda kwa mlinzi wa geti na msimamizi wa zamu kabla ya saa ya chakula, na chapati za moto kwenye hotpoti na karatasi yenye namba yako. Wiki ijayo rudi siku ile ile, saa ile ile. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema mno.

Pimwa afya upate cheti cha mhudumu wa chakula, na ukifanye upya kila miezi 6. Ofisi ya afya ya kaunti ndiyo ya kuuliza kuhusu leseni.

Kampuni ikitaka uilishe mwezi mzima kwa mkopo, usitie saini peke yako. Mwonyeshe kwanza mkataba mpishi mzoefu au wakili.