Dondoo Muhimu: Ukiwa Mwanaprogramu wa Kampuni Ndogo

Katika kampuni ndogo ya Nairobi, anayeandika programu ndiye hutunza seva, hupokea simu za wateja na kuunganisha malipo ya M-Pesa. Zingatia haya:

• Dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007 inautaka kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Soma kifungu cha umiliki kabla ya kutia sahihi, kwani kwa kawaida programu uliyoandika kazini ni mali ya mwajiri.

• Malipo yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mteja akishaweka namba ya siri, Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hutuma jibu kwenye seva yako. Seva ikiwa imezimika, jibu huenda likapotea ilhali pesa zimeshakatwa. Hifadhi kila ombi, ulizia hali ya kila muamala usiojibiwa, na tumia namba ya risiti kuzuia malipo yaleyale kuhesabiwa mara mbili. Jioni, linganisha rekodi zako na taarifa ya M-Pesa. Mwenye duka anayekutegemea hana shilingi ya kupoteza.

• Msimbo wote ukae kwenye Git, hata kama uko peke yako. Nywila zisiingie humo kamwe.

• Nakala rudufu ambayo hujawahi kujaribu kuirejesha, usiihesabu.

• Andika hatua za kuwasha na kurekebisha mfumo, kisha mfundishe mwenzako mmoja. Hapo utaweza kwenda likizo. Sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, zenye malipo kamili, zichukue.