Mbawakavu wa maharagwe

*Maharagwe yangu ndiyo kwanza yanachipua na majani tayari yamebaki mishipa mitupu. Nilinyunyizia dawa, wadudu wakarudi. Nifanyeje?*
*Mkulima, Bungoma*

Matundu ya mviringo katikati ya mishipa ni alama ya mbawakavu wa jenasi ya Ootheca, na hasara yako bado yaweza kupunguzwa. Huenda dawa ilifanya kazi, ila iliwapata waliokuwa juu tu. Mvua ikianza, mbawakavu hutoka ardhini, hula majani na kutaga mayai udongoni. Mabuu hula mizizi, na kizazi kipya hujilalia humo hadi mvua za mwaka ujao. Basi vita vyenyewe ni baada ya mavuno: lima mara moja, mbawakavu waliolala udongoni wachomwe na jua, na msimu ujao usirudishe maharagwe hapo. Utasema shamba ni dogo na mahindi lazima yachanganywe na maharagwe. Sawa, lakini hata kipande kimoja cha mahindi matupu huwanyima chakula. Kwa sasa okoa miche, maana mmea mkubwa huvumilia matundu. Majani yakigeuka manjano, huenda mabuu wanakula mizizi: ng'oa mche mzima na udongo wake, umwonyeshe afisa wa kilimo au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Kitale.