Somo la 9: Punda Afe, Mzigo Ufike?

Soma somo hili polepole. Kisha jadilianeni darasani kwa maswali yaliyo mwishoni.

1. SIMU KUTOKA KIJIJINI

Tuchukue mfano wa kijana mmoja anayeishi Manzese, Dar es Salaam. Kazi yake ni kusukuma mkokoteni. Kila alfajiri hupakia ndizi katika soko la Mabibo. Huzipeleka kwa akina mama wanaouza kando ya Barabara ya Morogoro. Kazi hii ni ngumu. Lakini kwa kazi hii alidunduliza fedha kidogo kidogo. Mwishowe akamtumia mama yake fedha za kununua punda.

Mama anaishi katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Kisima kiko mbali, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kabla ya kupata punda, mama alikuwa akibeba ndoo kichwani. Punda alipokuja, mama alipata nafasi ya kulima na ya kuhudhuria darasa la kisomo.

Siku moja simu ililia Manzese.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Punda wako anachechemea. Leo amekataa kabisa kukanyaga mguu wa mbele wa kushoto. Kuna mtu anataka kumnunua amchinje, achukue ngozi. Nimwuze?"

Kijana alinyamaza. Punda yule alikuwa jasho lake la miaka miwili. Akasema, "Usimwuze, mama. Mwite Bwana Mifugo. Mimi nitapanda basi kesho."

2. BWANA MIFUGO AUKAGUA MGUU

Bwana Mifugo alifika asubuhi. Kijana naye alikuwa amefika usiku. Bwana Mifugo hakuanza na dawa. Alianza kwa kumtazama punda akiwa amesimama. Kisha akapitisha mkono wake kutoka begani hadi chini. Ukwato ulikuwa wa moto. Akauinua mguu, akachokoa uchafu. Akaona jiwe dogo limejikita kwenye ufa. Ndani yake mlikuwa na usaha.

"Mama, alianza lini kuchechemea?" aliuliza.

Mama aliinamisha kichwa. "Wiki mbili zilizopita. Alikuwa anachechemea kidogo tu. Nilimwona. Lakini maji yalihitajika nyumbani, mwanangu. Nikasema, punda afe, mzigo ufike."

Bwana Mifugo hakumgombeza. Alisema, "Mama, akifa huyu, mzigo wa kesho ataubeba nani?"

Mama alijua jibu.

3. UKWATO NI NINI?

Ukwato ni kama ukucha wa mtu. Tena unabeba uzito wote wa mnyama. Una sehemu tatu ambazo kila mwenye punda inafaa azijue.

Kwanza ni ukuta wa ukwato. Huu ndio ule mgumu unaoonekana kwa nje. Hauna damu wala hauna maumivu. Pili ni wayo, yaani sehemu ya chini. Tatu ni sehemu laini iliyo katikati ya wayo, upande wa nyuma. Ina umbo la herufi V. Hii husaidia kupunguza mshindo punda anapokanyaga. Ndani kabisa mna nyama, mishipa ya damu na mfupa. Hapo ndipo penye maumivu.

Ukuta wa ukwato hukua siku zote, kutoka juu kwenda chini. Kwa mwezi mmoja hukua kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Punda anayetembea katika ardhi kavu yenye mawe husaga kwato zake mwenyewe. Zinakua na kulika kwa kiasi kinacholingana. Ndiyo maana punda wetu hawahitaji viatu vya chuma.

Asili ya punda ni hapa Afrika. Watu walianza kumfuga karibu miaka 7,000 iliyopita. Ndugu zake wa porini bado wako katika nchi kavu za Ethiopia na Eritrea. Kwato zake zimeumbwa kwa ardhi kavu. Katika matope na samadi mbichi hunyonya maji, zikalainika na kuoza.

Sasa tunaweza kuelewa yaliyompata punda wa mama. Wakati wa masika alifungwa muda mrefu kwenye zizi lenye tope. Hakutembea sana. Kwato zikarefuka mbele na kulainika. Masika ilipokwisha, alirudishwa kazini ghafla, na mzigo mzito. Ukwato mrefu ukapasuka. Jiwe likaingia.

4. WENZETU WA MBIO NDEFU

Katika nchi nyingine watu hushindana kwa farasi katika mbio za masafa marefu. Farasi huweza kwenda kilomita 160 kwa siku moja. Huo ni karibu mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi kukaribia Morogoro. Farasi wengine huvalishwa viatu vya chuma, wengine vya mpira. Wengine hukimbia kwa kwato zao tupu, baada ya kuzoezwa taratibu kwa miezi mingi.

Lakini kuna sheria moja kwa wote. Njiani kuna vituo. Katika kila kituo daktari wa mifugo hupima mapigo ya moyo ya farasi. Kisha humtazama akitembea. Farasi akichechemea, hutolewa mashindanoni. Haijalishi mwenyewe ni tajiri kiasi gani.

Ikiwa farasi wa michezo hupumzishwa anapochechemea, sembuse punda anayelisha nyumba? Sisi hatuna daktari katika kila kituo. Lakini tuna macho na mikono.

5. KAZI YA KILA SIKU

(a) Mkague punda kabla ya kazi na baada ya kazi. Mfunge kwa fundo linalofunguka kwa urahisi. Simama ubavuni, karibu na bega. Usisimame nyuma yake. Sote tunajua asante ya punda ni mateke.

(b) Zungumza naye kwa upole. Teremsha mkono polepole kwenye mguu, kisha uuinue. Usiuinue juu sana, maana punda ni mfupi na ataumia.

(c) Chokoa tope na mawe kwa kijiti kisicho na ncha kali. Anzia nyuma kuelekea mbele. Usiichubue ile sehemu laini.

(d) Nusa. Ukwato wenye afya haunuki. Ukinuka vibaya na kutoa maji meusi, umeanza kuoza. Usafishe, uukaushe, na umhamishe punda mahali pakavu.

(e) Zizi liwe kavu. Ondoa samadi kila siku.

(f) Usimfunge miguu kwa waya au kamba nyembamba. Hukata ngozi na kuleta vidonda.

(g) Usimpe nafaka au pumba nyingi. Chakula hicho kikizidi huweza kuleta ugonjwa mbaya wa ndani ya kwato. Majani makavu na nyasi ndicho chakula chake.

6. KUPUNGUZA KWATO

Kwato zilizorefuka hupunguzwa. Zikaguliwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Punda anayetembea sana kwenye mawe huenda asihitaji kupunguzwa. Punda anayekaa zizini atahitaji.

Chombo kizuri cha kujifunzia ni tupa. Sugua kidogo kidogo kwenye ukingo wa ukuta. Tazama, kisha sugua tena. Usikate kwa panga wala kwa shoka. Ukitoa damu umepita kiasi. Mara ya kwanza mwombe Bwana Mifugo akuoneshe. Ukwato uliorefuka sana usinyooshwe kwa siku moja. Upunguzwe mara kadhaa, kwa wiki kadhaa.

7. WAKATI WA KUMWITA BWANA MIFUGO

Mwite mara moja ukiona punda hataki kukanyaga mguu, ukwato ni wa moto, usaha unatoka, au msumari umeingia. Punda huficha maumivu. Ukiona anachechemea, jua kwamba ameumia zaidi ya anavyoonesha. Kidonda cha ukwato kinaweza pia kuleta pepopunda, na pepopunda huua. Hata wewe, ukichomwa na msumari wa zizini, nenda zahanati.

8. KULIKUWA NA GHARAMA

Bwana Mifugo aliufungua ule ufa, usaha ukatoka. Akausafisha, akaufunga kwa kitambaa safi, akamchoma punda sindano. Akasema punda apumzike mwezi mzima.

Mwezi ule mama alirudi kubeba ndoo kichwani. Kijana alikaa siku nne, akabeba maji pamoja naye. Kisha akarudi Manzese kwa mkokoteni wake. Baada ya mwezi punda alianza kutembea vizuri, akapewa mizigo midogo. Lakini ufa haukuungana. Ufa wa ukwato hauungi. Hushuka chini ukwato unavyokua, mpaka ukaisha. Mama alingoja miezi sita.

Siku hizi mama hapakii tena madumu manne ya lita 20. Hupakia mawili, na kwenda mara mbili. Bwana Mifugo alimweleza kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda mwenyewe.

Yule mnunuzi wa ngozi hakurudi. Ngozi za punda husafirishwa hadi China, huchemshwa na kutengenezwa dawa. Punda wengi wa Afrika wamekwisha kwa biashara hiyo. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa. Waliamua kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Ndugu msomaji, fedha ya ngozi hupokelewa siku moja. Maji huhitajika kila siku. Kesho asubuhi, kabla hujampakia punda wako, inua mguu wake utazame.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mama alinyamaza wiki mbili? Je, ni kosa lake peke yake?

2. Nani nyumbani kwenu anayetumia punda? Nani anayemtunza?

3. Methali "Punda afe, mzigo ufike" ina maana gani? Je, ninyi mnaikubali?

HESABU

1. Ukwato unakua milimita 8 kwa mwezi. Ufa uko milimita 48 kutoka chini. Utaisha baada ya miezi mingapi?

2. Punda ana kilo 150. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anaweza kubeba madumu mangapi ya lita 20 kwa safari moja?

KAZI YA KIKUNDI

Nendeni pamoja kwa mwenye punda. Kagueni kwato nne. Andikeni mlichokiona kwenye kila mguu, kisha msomeeni mwenye punda.